Madamu wa Sokwe

Swali lenyewe aliliuliza Shakila, na Imelda alilifurahia. Ni nadra mwanafunzi kuuliza kitu saa sita mchana, darasa likiwa limechoka na njaa imeshaanza kuuma. Ubaoni Imelda alikuwa amechora mti wenye matawi: orangutani kwenye tawi lake la mbali, kisha gorila, kisha sokwe na bonobo pamoja, na kando yao, kwenye kitawi kilichochipuka palepale, mtu.

"Madamu," Shakila akasema, "mbona mtu umemuweka ndani yao? Si angekuwa na mti yake peke yake?"

Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, lakini penye ugumu Imelda alikuwa na desturi ya kukifunga na kueleza kwa lugha wanazosema watoto huko mitaani Gitega, Kirundi na Kiswahili. Akakifunga.

"Zamani alitengewa peke yake," akasema. "Wataalamu walimpa mtu familia yake, sokwe na gorila wakatiwa familia nyingine. Walitazama sura tu. Huyu ana manyoya, yule hana. Huyu anainama, yule amesimama wima. Baadaye wakaanza kulinganisha vinasaba, urithi ule ambao mtoto anaupata kwa wazazi wake. Wakakuta sokwe yuko karibu na mtu kuliko alivyo karibu na gorila. Sasa utamtengaje mtu? Ukimtoa mtu katika familia ile, umtoe na sokwe. Kwa hiyo, kwa mpangilio wa sayansi, sisi pia ni sokwe wakubwa."

Darasa likaangua kicheko. Mmoja wa nyuma akalia kama nyani, wenzake wakapiga madawati. Imelda akawasubiri wamalize, kisha akaendelea kwa sauti ya chini, jambo ambalo huwanyamazisha kuliko makelele.

"Sikusema babu yako ni sokwe. Sokwe wa leo ni ndugu, si babu. Nimesema zamani sana, miaka milioni sita au saba, alikuwepo kiumbe ambaye hakuwa mtu wala hakuwa sokwe, na uzao wake ukagawanyika. Upande wetu yalichipuka matawi mengi. Yote yamekauka, limebaki moja. Mmesikia? Moja. Humu darasani hamna aina mbili za watu, wala tatu. Mtu akija kukupima pua akwambie wewe ni wa aina nyingine, mwonyeshe mti huu."

Hakuna aliyecheka. Katika nchi ile hapana mtoto, hata awe mdogo namna gani, asiyejua habari za kupimana pua na kugawana kikabila zilikowapeleka wazazi wake. Zilimpeleka Imelda kambi ya wakimbizi, Tanzania, akiwa mgongoni mwa mama yake, na alirudi mtu mzima, mama akiwa amezikwa hukohuko.

Mtu aliyerekodi kwa simu hakujulikana. Sauti iliyosambaa ilikuwa fupi: "Sisi pia ni sokwe wakubwa," halafu kicheko, basi. Haikuwa na kitu cha kabla wala cha baada. Ilipita kwenye simu za wanafunzi, ikaingia kwa wazazi, ikafika sokoni. Wiki haijaisha, mwanamke anayemuuzia Imelda nyanya pale Musinzira, mtaa alikopanga, alimkaribisha akijiziba mdomo kwa kitenge. "Karibu, Madamu wa Sokwe."

Mkuu wa shule alimwita ofisini. Hakukasirika, ila alikuwa mtu asiyependa kelele. "Enfin, madame, programme ni programme, lazima tuifundishe. Lakini punguza maelezo. Andika ubaoni, wanakili, basi."

Aliyekuja kwa miguu yake ni Mustafa, baba yake Shakila, fundi cherehani mwenye duka karibu na soko. Alivaa kofia yake nyeupe, akasimama mlangoni mwa darasa mpaka wanafunzi walipotoka.

"Madamu, mi sikuje kugombana," akasema. "Mtoto iko anasema nyumbani kama tuko famille moja na sokwe. Ndugu zangu wanakasirika. Wanataka nimutoshe kwa masomo, abaki nyumbani. Nikasema, acha kwanza nimusikie mwenyewe."

Imelda akamchorea mti uleule na kumweleza yote, mpaka mwisho, hata habari ya tawi lililobaki moja. Mustafa alisikiliza akiwa amekunja mikono, na mwisho akatikisa kichwa polepole.

"Bon. Mi sikubali yote. Lakini hii ya mwisho, ya watu kuwa moja, hiyo iko kweli. Mtoto atasoma. Nitawaambia hivyo."

Aliwaambia kweli. Shakila alimsimulia Imelda baadaye jinsi baba yake alivyobishana na kaka zake wawili mbele ya duka, wateja wakisikia, na jinsi mmoja wao alivyoapa kutokanyaga tena pale. Shakila alisimulia akitabasamu, kama mtu anayemsifu baba yake. Alikuwa amekwisha kusema kwamba akipata alama nzuri kwenye mtihani wa taifa, biolojia ndiyo atakayoisomea chuoni.

Imelda akadhani mambo yamepita. Ndipo simu ya baba yake ikaja kutoka Buhinyuza, kijijini kwao upande wa Muyinga.

"Imelda."

"Abee, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo nyumbani."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Njoo."

Mafuta yalikuwa adimu kama kawaida, na magari ya kwenda Muyinga yalisubiriwa nusu siku. Alifika mjini Muyinga Ijumaa alasiri, akachukua pikipiki ya kumpeleka Buhinyuza, na alimkuta baba yake uani akipura maharagwe. Mzee Venansi alikuwa amekonda, lakini mikono yake ilikuwa na nguvu zilezile. Hakusimamisha fimbo alipomwona. Alimaliza rundo lililokuwa mbele yake, akajifuta, akamwonyesha kigoda.

Wawili hao, wakiwa peke yao, walizungumza Kiswahili, kile walichokizoea kambini. Kirundi kilikuwa cha majirani na cha kanisani.

"Wamenichezea sauti yako," Venansi akasema. "Kanisani, baada ya ibada. Mchungaji Fabiano aliweka simu kwenye kipaza sauti. Mimi nimekaa kwenye benchi la wazee, nasikia mwanangu anasema sisi ni sokwe, na watu wanacheka."

"Wameikata, baba. Nilisema mengi kabla na baada."

"Najua wameikata. Nimekulea, sijapata kukusikia ukisema neno moja ukanyamaza." Kidogo acheke, akajizuia. "Fabiano ameniambia nisikae kwenye benchi mpaka jambo hili liishe. Nakaa nyuma sasa, na watoto."

Imelda akaanza kueleza. Alieleza vizuri kuliko alivyowahi kueleza darasani, kwa sababu alijua baba yake ana akili, alikosa shule tu. Alichora kwa kijiti kwenye vumbi la maharagwe. Alisema Mungu hapungukiwi kitu kwa sababu kazi yake ilichukua muda mrefu. Alisema nyani na sokwe si mnyama mmoja.

"Nyani ana mkia, baba. Hata kwenye familia hii hayumo. Watu wanachanganya tu."

"Wao hawakuuliza habari za mkia," Venansi akasema.

"Kina nani?"

Mzee akainama. Akaokota punje za maharagwe zilizorukia mbali, moja moja, akizitupa kwenye ungo. Alipozungumza alikuwa hamtazami.

"Ulikuwa mdogo. Posho kambini ilichelewa, mama yako hana maziwa ya kumpa mdogo wako, yule aliyekufa. Tukatoroka, mimi na wanaume wengine, tukaenda kuvuna mahindi kwa mtu mmoja kijiji cha pili. Tulivuna siku nzima. Jioni tukasimama tupewe chetu. Yule bwana alikuwa amekaa na rafiki zake wanakunywa. Akasema, nyani wa kambini hawapewi mkononi, nyani wanarukia. Akashika hindi juu hivi. Wenzangu wakamtukana, wakaondoka mikono mitupu. Mimi sikuondoka."

"Baba."

"Niliruka, Imelda. Akasema jikune, nikajikuna. Akasema lia, nikalia. Walicheka mpaka wakamwaga pombe. Walipochoka kucheka wakanijazia kikapu. Nikarudi, nikamwambia mama yako, leo bwana alikuwa na moyo mzuri. Uliyala yale mahindi. Ulikula ukashiba, ukalala." Akaugeuza ungo. "Nilimeza hayo yote ili usome, uje uwe mtu asiyeweza kuitwa hivyo na yeyote. Halafu nimekaa kanisani, na sauti inayoniita hivyo ni ya kwako."

 Yote aliyoyajua Imelda yalikuwa bado ya kweli, na hapakuwa na moja ambalo lingesaidia pale uani.

"Unataka nifanye nini?" akauliza.

"Sikwambii uache kazi. Nakuomba jambo moja. Jumapili usimame, useme unafundisha hayo kwa sababu serikali imeyaandika, ila wewe mwenyewe huyaamini. Maneno mawili, ukae."

"Nitakuwa nadanganya."

"Mimi niliruka," Venansi akasema.

Siku ya pili yake hawakulizungumzia tena. Imelda aliteka maji, akapika, akafua blanketi za baba yake, na kila alipojiandalia jibu la kukataa alimwona mtu akiruka mbele ya walevi, na mtu huyo alikuwa na miguu ileile aliyoiona sasa ikienda na kurudi shambani. Jumapili akavaa kitenge chake cha heshima, wakaongozana.

Fabiano alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamume wa rika la Imelda, aliyerudi kutoka kambini mwaka mmoja na wao, mcheshi, mwenye sauti ya kuimba. Baada ya mahubiri akamwita mbele. Imelda akasema alichoombwa: kwamba yeye ni mtumishi wa serikali, anafundisha kilichomo kitabuni, na moyoni mwake haamini kwamba mtu ana undugu na sokwe. Akageuka arudi kukaa.

"Ngoja kidogo, dada," Fabiano akasema. "Watoto wako hapa, nao wameisikia ile sauti. Wasaidie. Mtu alitoka wapi?"

"Aliumbwa."

"Na sokwe?"

"Naye aliumbwa."

"Pamoja, au mbalimbali?"

"Mbalimbali."

"Kuna undugu hapo?"

"Hakuna."

"Sema kwa nguvu, wa nyuma hawakusikia. Na huko Gitega wakusikie!"

Simu zilikuwa zimeinuliwa, zaidi ya moja. Imelda akasema kwa nguvu, "Hakuna undugu." Kanisa zima likapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na katikati ya furaha hiyo kikapita kicheko, cha watu wazuri tu, majirani, wasio na nia mbaya. Fabiano akamshika Venansi mkono kutoka nyuma alikokaa, akampeleka mpaka kwenye benchi la wazee. Watu wakapiga makofi tena.

Imelda alimtafuta baba yake kwa macho. Venansi alikuwa amekaa pale alipotaka kukaa, na hakupiga makofi. Mikono yake alikuwa ameikalia.

Wakarudi nyumbani. Jirani alikuwa ameleta jogoo kwa furaha ya siku hiyo. Imelda akampika, akaweka sahani mbele ya baba yake, na mzee akaitazama mpaka mchuzi ukaganda.

"Kula, baba."

"Alipokwambia urudie," Venansi akasema, "niliwasikia walewale. Kicheko kilekile."

"Yameisha sasa."

"Hayajaisha. Nimekufanyia walichonifanyia. Nimekusimamisha mbele ya watu nikakwambia ruka." Akaisukuma sahani pembeni. "Na wewe, mtu mzima, mwalimu, ukakubali. Kwa nini ulikubali?"

"Kwa sababu uliniomba!"

"Ungenikatalia. Mimi nilikuwa na mtoto mwenye njaa. Wewe ulikuwa na nini?"

Imelda akasimama. Hakuwa amewahi kumpandishia baba yake sauti, hata kambini, hata walipozika mama. "Nilikuwa na wewe! Nikisema kweli, nimekutukana. Nikisema uongo, nimekuaibisha. Sasa niambie, baba, lipi ningelisema ukalala usingizi?"

 Mzee alinyanyuka, akatoka nje kuyafunika maharagwe kwa turubai, ingawa mawingu hayakuwepo. Asubuhi, walipoagana, alimwambia Imelda awe mwangalifu barabarani, akamwekea maharagwe kwenye mfuko, na hakumtazama usoni.

Gitega walikuwa wameshasikia. Safari hii sauti haikukatwa. Ilikuwa nzima, tangu alipoitwa mbele mpaka vigelegele, na picha pia. Pale sokoni muuza nyanya alimpokea bila kujiziba mdomo. "Kumbe uko mtu wetu, madamu! Na sie tulikuita vibaya." Akamwongezea nyanya mbili. Mkuu wa shule alimpa mkono na kusema, enfin, ndiyo njia, mambo yametulia. Hakuna aliyemwita tena Madamu wa Sokwe. Imelda hakutegemea kwamba atalitamani tena jina hilo, lakini alilitamani, kwa kuwa angalau lilimtaja kwa jambo alilolisema mwenyewe.

Darasani alifundisha sura iliyofuata, habari za figo. Wanafunzi walinakili vizuri. Hapana aliyeinua mkono. Kengele ilipolia Shakila alibaki, akipanga kalamu zake ambazo hazikuhitaji kupangwa.

"Madamu, ile video iko kweli? Ni we?"

"Ni mimi."

"Ulisema hakuna undugu."

"Shakila, nilisema vile kwa ajili ya baba yangu. Kuna mambo ya nyumbani ambayo..."

"Na mi pia niko na baba," Shakila akasema.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali.

"Baba aligombana na ndugu yake ju yako," akaendelea. "Bado haongee naye. Sasa ndugu zake walimuletea video ku duka, wakamuwekea mbele ya watu. Wakasema, angalia, mwalimu wako mwenyewe hakubali, we fundi wa nguo unakubali nini?  Siku ile baba alifunga duka mapema. Baba hafunge duka mapema, madamu, hata akiwa mgonjwa."

"Nitakwenda kuzungumza naye."

"Hapana. Hataki." Akaubeba mkoba wake begani. "Usiogope, mtihani wa taifa nitajibu vile kitabu inasema. Ndiyo vile unafanya na we, si ndiyo?"

Imelda alikwenda kwa Mustafa hata hivyo, Jumamosi asubuhi. Mustafa alimkaribisha kwa adabu zake zote, akampa kiti, akamuuliza hali ya wazee. Imelda alipofika kwenye jambo lenyewe, fundi akainamia cherehani.

"Madamu, mi nakuheshimu. Pengine we uliona taabu mingi mi sijue. Lakini tuache hii maneno." Akakanyaga, sindano ikaanza kukimbia kwenye kitambaa, na kwa kelele ile hapakuwa na mazungumzo.

Shakila alifaulu mtihani, na vizuri sana. Biolojia hakuichukua. Kwenye fomu ya chuo alijaza uhasibu, na alipokuja shuleni kuchukua cheti chake alimpa Imelda mkono kama alivyowapa walimu wengine wote, kwa zamu.

Kule Buhinyuza, Mzee Venansi aliacha benchi la wazee mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Fabiano alimbembeleza, akamtuma hata mkewe. Mzee akasema magoti yanamuuma, pale nyuma kuna nafasi ya kuyanyoosha. Watu wakaamini.

Yeye na Imelda hawakugombana tena. Kila Jumapili jioni simu inaita. Mzee anauliza kama Gitega mvua imenyesha. Imelda anauliza kama Buhinyuza imenyesha. Kisha wananyamaza wote wawili, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyopumua, mpaka mmoja aseme simu inaisha chaji, na mwingine ajibu kwa haraka kwamba haya, basi, tutaongea wiki ijayo.